Kijiko kile kile, kahawa nyingine: jibu kwa muuza kahawa wa Ujiji

"Shikamoo mwalimu. Nina kibanda cha kahawa Ujiji, pembeni ya kijiwe cha bao. Buni naletewa na mama kutoka Kalinzi, nakaanga na kutwanga mwenyewe. Nafanya kama mama alivyonifundisha: sufuria ya lita mbili, vijiko sita vya chakula vya unga wa kahawa, tangawizi, nachemsha nusu saa mpaka dakika arobaini, kisha namimina kwenye chupa ya chai. Kwa mama kahawa inanukia mpaka barabarani. Kwangu leo wateja wanasema chungu, kesho wanasema maji matupu, jioni mwingine anasema imechacha. Wakisema chungu napunguza kijiko, lakini ndiyo inazidi kuharibika. Mashapo huwa simwagi, asubuhi naongezea unga mpya juu yake. Jirani ananiambia ninunue mizani, mwingine ananicheka, eti mizani ni ya mahotelini. Buni ikiisha nanunua unga dukani, kilo elfu ishirini, na kikombe kidogo nauza mia mbili, kwa hiyo naomba ushauri usiomaliza mtaji. Halafu kuna mzee mmoja ana presha, anakunywa vikombe vitano kila jioni. Je, namdhuru?"

Marahaba dada. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa raha, maana umeandika namba. Wengi huniandikia "kahawa yangu mbaya, nifanyeje?" na mimi nabaki nakisia. Wewe umenipa lita, vijiko na dakika, na humo humo ndimo majibu yalimojificha.

Kinachokusumbua, nikikielewa vizuri, ni hiki: mkono ni ule ule, buni ni ile ile, kijiko ni kile kile, mbona ladha haitulii? Na chini yake kuna wasiwasi mwingine ambao hukuusema wazi, kwamba labda mama hutuma buni nzuri kwa wengine na wewe anakuletea makapi. Mwondolee mama lawama hiyo. Nimekaa na kahawa ya milima ya Kalinzi na Matyazo miaka mingi, na nakuhakikishia buni nzuri kabisa inaweza kutoa kikombe kibaya kwa utaratibu huo huo ulioueleza. Kuna vitu vinne vinavyobadilika kila siku mbele ya macho yako bila wewe kuviona: uzito wa kijiko, maji yanayobaki sufuriani, asili ya maji yenyewe, na saa ambazo kahawa inakaa kwenye chupa.

Kwanza tuelewane maneno, kwa sababu hapa ndipo ulipopotea njia. Sisi kahawa isiyo na sukari tunaiita kahawa chungu, basi mtu akisema "leo chungu" tunadhani anasema imezidi ukali. Hivyo ni vitu viwili. Kahawa ni nzito au nyepesi kutegemea ni kiasi gani cha kahawa kimeyeyuka katika maji. Kahawa ni chungu, au ina gwadu, yaani uchachu kama wa tunda, au inaacha ukakasi ulimini kama umeng'ata ndizi mbichi, kutegemea ni nini hasa kimetoka katika unga. Inawezekana kabisa kahawa ikawa nyepesi kama maji ya kuoshea vikombe na wakati huo huo ikawa chungu kama mwarobaini. Ndiyo kahawa yako ya siku mbaya. Wewe ukisikia "chungu" unapunguza kijiko, na kwa kupunguza unauzidisha uchungu.

Nikueleze inavyokuwa. Fikiria unakuna nazi. Ukikamua mara ya kwanza unapata tui zito, lenye utamu. Ukiongeza maji ukakamua tena unapata tui jepesi, bado linafaa kwa kuchemshia. Ukiendelea kukamua machicha yale yale mara ya tano, kinachotoka ni maji meupe yenye ladha ya mbao. Unga wa kahawa uko hivyo hivyo. Katika kila gramu 100 za kahawa iliyokaangwa, takriban 30 tu ndizo zinazoweza kuyeyuka majini, zilizobaki ni nyuzi za punje. Na katika hizo 30, huzitaki zote. Vinavyotoka mapema ni gwadu na manukato, vinafuata vile vyenye utamu wa sukari iliyoungua kidogo, na mwisho kabisa ndiyo uchungu mkavu na ukakasi. Miaka ya 1950 huko Marekani mkemia Ernest Lockhart alifanya kazi kubwa ya kupima jambo hili, na tangu hapo wanaofundisha kahawa duniani wanashikilia kwamba kikombe kinachowapendeza watu wengi kinatokana na kuyeyusha asilimia 18 hadi 22 ya uzito wa unga. Chini ya hapo ina gwadu kali na haijajaa mdomoni. Juu ya hapo umeanza kukamua machicha.

Sasa tuiweke sufuria yako kwenye hesabu. Kipimo kinachotumika kama mwanzo ni gramu 55 za unga kwa lita moja ya maji, ukipanda au kushuka gramu tano kufuata mdomo wako. Gramu 55 zikitoa asilimia 20, gramu 11 za kahawa zimeingia katika lita. Kwako vijiko sita tuvihesabu kwa wastani kuwa gramu 40, katika lita mbili. Hata ukizichemsha mpaka zitoe kila kitu, asilimia 30 zote pamoja na uchungu wa mwisho, ni gramu 12 katika lita mbili, yaani 6 kwa lita, na hata maji yakipungua kwa moto bado hazifiki zile 11. Umekamua mpaka mbao na bado kahawa ni nyepesi. Ukipunguza kijiko kimoja, zile gramu chache zilizobaki zinaogelea katika maji mengi zaidi na kukamuliwa zaidi. Dawa ya uchungu wako ni kuongeza unga na kupunguza muda wa moto. Najua linasikika kinyume. Lijaribu mara moja tu, kwa nusu lita, kabla hujanibishia.

Nimesema "tuvihesabu kuwa gramu 40" kwa sababu hakuna ajuaye vijiko vyako sita vina uzito gani, hata wewe. Juzi kwa ajili ya jibu hili nilichukua kijiko changu cha chakula, cha bati, wala si kikubwa, nikakaa na mizani mezani. Nilipochota na kusawazisha kwa mgongo wa kisu nilipata gramu 5. Nilipochota kama tunavyochota sote, na kilima juu, nikapata 9. Kisha nikachukua unga wa buni niliyoikaanga mpaka ikang'aa mafuta, nikachota na kusawazisha vile vile: gramu 4. Kahawa ikikaangwa inafura na inapoteza uzito. Kilo moja ya buni mbichi inarudi gramu 800 na kitu, na kadiri unavyoisukuma iwe nyeusi ndivyo punje inavyozidi kuwa kubwa na nyepesi. Kwa hiyo vijiko sita vinaweza kuwa gramu 24 leo na gramu 54 kesho, na wewe kwa dhamiri safi kabisa utasema umeweka kipimo kile kile. Hapo ndipo ilipotoka ile "kesho maji matupu".

Mizani basi si ya mahotelini. Mwenye hoteli akikosea kikombe ana chai, ana juisi, ana mandazi ya kumtuliza mteja. Wewe una kahawa tu na kashata. Kamizani kadogo ka jikoni kanakosoma gramu moja moja kanatosha, na si lazima kawe ka gharama. Ukikanunua, kakague hivi: weka chupa tupu ya maji ya kunywa, soma, kisha ijaze nusu lita ya maji, soma tena. Tofauti iwe karibu sana na gramu 500, kwa sababu mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja. Ukiona 470, rudisha.

Na kama huwezi kununua mwezi huu, fanya ujanja niliowafundisha akina mama wengi. Nenda dukani ununue unga nusu kilo kamili, upimwe mbele yako. Rudi nyumbani na kikopo kidogo kimoja, kile cha nyanya ya kopo ni kizuri sana. Chota, sawazisha kwa kisu, mimina kwenye beseni, hesabu moja. Endelea mpaka unga wote uishe. Ukipata vikopo 18, gawanya 500 kwa 18, kikopo chako ni karibu gramu 28, na viwili vinakupa kipimo cha lita moja. Kikwaruze kwa msumari alama yako na usikitumie kwa kazi nyingine. Ila kila ukibadili ukaangaji, au ukihama kutoka unga wako kwenda wa dukani, rudia kuhesabu, kwa sababu kikopo kinapima ujazo wala hakijui uzito. Na kama mizani ya dukani ndiyo huiamini, wapo Wakala wa Vipimo, hiyo ndiyo kazi yao.

Maji nayo yana mambo yake. Umesema lita mbili, lakini lita mbili ni zile za kuanzia. Dakika arobaini juu ya mkaa, bila mfuniko, si mchezo. Nilipima kwangu, upande wenye upepo kidogo, nikabaki na lita moja na robo. Siku mkaa ni mbichi au upepo wa ziwani umetulia unaweza kubaki na lita moja na nusu au zaidi. Hiyo peke yake inatosha kubadili uzito wa kahawa kwa robo nzima, na hapo bado hujagusa kijiko. Pima maji kwa chupa, ile ya lita moja iliyotupwa na abiria inafaa, na usiyaache yapae.

Utaniuliza: sasa tangawizi itaiva saa ngapi? Hili ndilo swali la kweli, maana naamini dakika arobaini zako ni za tangawizi, si za kahawa. Mama alichemsha vyote pamoja kwa sababu ni rahisi. Vitenganishe. Ponda tangawizi, itie kwenye maji peke yake, funika, chemsha robo saa mpaka maji yakuwashe koo. Ukipenda iliki, tia hapo. Yakishaiva jazia kidogo yarudi lita moja kamili, yachemke tena, kisha epua. Ngoja dakika moja. Ndipo umimine gramu 55 za unga, koroga mpaka usione kidonge kikavu, funika, na uache dakika nne hadi tano. Utakuta povu zito limefanya tabaka juu. Livunje kwa kijiko, mashapo yatazama. Chuja kwa kitambaa safi cha pamba kilichofuliwa bila sabuni ya manukato (nimewahi kunywa kahawa yenye harufu ya sabuni ya unga, sitaisahau), na mimina kwenye chupa uliyoisuuza kwa maji ya moto.

Kwa nini dakika moja ya kungoja? Maji yanayofaa ni kati ya nyuzi 90 na 96 hivi. Hapo Ujiji, kando ya ziwa, tuko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 97. Kwa mama juu Kalinzi, ambako ni mita 1,500 na kitu, yanachemka kwenye 95, yaani maji yake yakitokota tu yako tayari. Tofauti hiyo ni ndogo na usiipe lawama nyingi. Nimeitaja kwa sababu watu wa milimani hupenda kusema kahawa ya chini huungua, na wana chembe ya ukweli.

Wapo wateja ambao kahawa isiyochemka pamoja na unga wake hawaiiti kahawa. Wazee wa bao wengi wako hivyo na sitawagombeza. Kwa hao saga laini zaidi, weka gramu 60 mpaka 65 kwa lita, tia unga maji yakiwa moto, acha ifure mpaka ukingoni, inua, ishuke, irudishe, ifure tena, basi. Dakika tatu zote zimetosha. Kinachoharibu ni kuiacha itokote huku wewe umeenda kuosha vikombe.

Kuhusu kutwanga nina neno moja. Kinu kinatoa vumbi na mapande kwa pamoja: vumbi linamaliza utamu wake na kuanza kutoa uchungu wakati mapande hata hayajalowa. Chekecha. Mapande yarudi kinuni, na utashangaa kahawa inavyotulia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nadhani ndilo linalokuuma zaidi, kwamba kwa mama inanukia na kwako imepooza. Hapa nina kisa changu, na si cha kujisifia. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kuhudumia kahawa kwenye kikao kimoja mjini Kigoma. Nilikuwa nimeionja kahawa ile siku mbili kabla, kule mlimani, ina gwadu tamu kama la chungwa lililoiva. Nikaja nayo mjini, nikapima gramu zangu kwa fahari, nikaitia. Ikatoka butu. Nyeusi, nzito, haina uhai, kama mtu kaifuta ladha kwa chaki. Nikamgeukia kijana aliyenikaangia, nikamwambia mbele za watu kwamba ameiunguza. Akanyamaza kwa heshima. Wiki iliyofuata mvua ikanyesha, mke wangu alikuwa amekinga ndoo, nikachemsha kahawa ile ile iliyobaki kwa maji ya ndoo. Chungwa likarudi. Nilikwenda kumwomba radhi yule kijana, na mpaka leo akiniona ananiuliza, "Mzee, leo umepima na maji?"

Maji ya bomba mjini Kigoma na Ujiji yanavutwa kutoka ziwani, na Ziwa Tanganyika lina maji yake ya peke yake. Ni safi kuyatazama, lakini yamebeba magnesiamu nyingi na hasa bikaboneti nyingi, yana asili ya magadi, pH yake, kipimo cha uchachu na magadi, hupita 8.5. Sababu yake itakuchekesha baada ya habari ya sufuria yako. Mito kama Ruzizi na Malagarasi inaingiza maji na chumvi zake, Ruzizi hasa, lakini maji yanayotoka kwa mto, kupitia Lukuga upande wa Kongo, ni kidogo. Sehemu kubwa hupaa kwa jua, na chumvi zinabaki. Ziwa zima ni sufuria isiyo na mfuniko, iliyowekwa juani kwa maelfu na maelfu ya miaka.

Magadi haya hayamdhuru mnywaji. Yanachofanya ni kuiua gwadu ya kahawa, kwa namna ile ile mama anavyotupia magadi kwenye mboga kali ili ipoe. Na kahawa yenu ya Kalinzi, arabika ya mlimani, sehemu kubwa ya uzuri wake ni hiyo gwadu. Mama anachota chemchemi, maji mepesi, gwadu inabaki. Wewe unafungua bomba. Kuyachemsha maji hakuondoi tatizo hili, maana magadi hayapai. Ukiyachemsha muda mrefu ndiyo unayakoleza.

Ufanye nini? Masika una bahati. Kinga mvua, ukiacha ile ya kwanza ioshe vumbi la bati, na uchanganye sehemu tatu za mvua na moja ya bomba. Mvua tupu nayo haifai sana, kahawa inatoka nyembamba na gwadu inachoma. Hiyo sehemu moja ya ziwa inasaidia. Kuanzia Juni mpaka mvua zirudi, mambo ni magumu zaidi na sitakuahidi miujiza. Maji ya chupa yatakula faida yako yote. Ninachofanya mimi kiangazi ni viwili: naongeza unga kufikia gramu 60 kwa lita, ili gwadu iwe nyingi kuliko magadi yanavyoweza kumeza, na nakaanga kwa kujizuia. Epua buni ikiwa rangi ya hudhurungi iliyokolea, punje zikiwa kavu usoni, muda mfupi baada ya ule mlio wa kwanza wa kupasuka. Ukiisubiri ing'ae mafuta umeshaichoma gwadu yote kwa moto, ziwa halina hata cha kuua, na kinachobaki ni uchungu peke yake. Na maji ya bomba yakinuka dawa, yaache ndoo wazi usiku kucha.

Imechacha jioni: hiyo ni chupa. Kahawa ikikaa moto kwa saa nyingi inaendelea kubadilika yenyewe, asidi mpya zinazaliwa humo, na ni asidi zisizo na utamu. Saa moja haina neno, mbili navumilia, zaidi ya hapo mimi binafsi siuzi. Pika lita moja moja badala ya mbili mara moja. Kazi inaongezeka, najua, lakini moto wako sasa ni wa robo saa, si wa dakika arobaini, na mkaa utauona unabaki.

Mashapo ya jana yamwage leo hii. Nimeshakueleza kilichobaki ndani yake. Rangi inatoka, ndiyo, na rangi ndiyo inayotudanganya tukadhani kuna nguvu. Mbaya zaidi yamelala na unyevu usiku mzima. Yapeleke kwenye migomba ya nyuma ya nyumba.

Tuje kwenye mtaji, na hapa sitakudanganya: kahawa nzuri itakugharimu zaidi kwa kikombe. Kwa unga wa dukani wa elfu ishirini, gramu moja ni shilingi 20. Sasa hivi unaweka kama gramu 40, shilingi 800, na lita moja na robo au na nusu iliyobaki inakupa vikombe kama ishirini na kidogo vya mililita 60. Karibu shilingi 35 au 40 kwa kikombe. Kwa kipimo kipya, gramu 55 ni shilingi 1,100. Unga unanyonya maji karibu mara mbili ya uzito wake, hivyo katika lita yako mililita 110 zinabaki kwenye kitambaa, unapata vikombe 14. Karibu shilingi 80 kwa kikombe, unauza 200. Nyongeza ya shilingi 40 ni pesa kwa mtu wa kibanda, siipuuzi. Unachorudisha ni mkaa, ile nusu chupa unayomwaga jioni, na mteja anayeondoka bila kumaliza. Je, vitafidia yote? Inategemea unamwaga kiasi gani sasa, na hilo unalijua wewe. Ukiona linabana, shuka gramu 50, usishuke zaidi, na punguza kikombe kabla hujapunguza unga. Na buni ya mama usiihesabu bure. Ina bei yake mlimani, na yeye angeweza kuiuza.

Nikuombe ufanye jaribio moja kabla ya kubadili kibanda kizima. Jumamosi moja pika nusu lita kwa utaratibu wako wa zamani na nusu lita kwa gramu 27 za utaratibu huu. Weka kwenye vikombe bila kusema, wape wale wazee wa bao. Usiwaulize ipi nzuri, watakujibu kwa adabu. Tazama kikombe kipi kinarudi kitupu.

Kama baada ya wiki mbili umepima yote na bado kuna ladha ya udongo, ukungu au viazi vibichi, basi tatizo liko kwenye buni yenyewe, kushambuliwa na wadudu shambani, au kuchachishwa au kukaushwa vibaya, na hilo haliponi jikoni. Chukua punje mbichi kiganja kimoja, mpeleke mama kwa afisa ugani au kwenye kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, kilichoko Mwayaya. Wakiziona na kuzinusa watajua zaidi ya mimi ninayesoma barua.

Na yule mzee wako. Mimi si daktari, nitasema ninachokijua kuhusu kikombe tu. Kwa kipimo kipya kikombe chako kidogo kitakuwa na kafeini kama miligramu 40, vitano ni 200. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huvumilia mara mbili ya hiyo kwa siku, lakini yeye ana presha, kwa hiyo kiwango chake aambiwe na daktari anayemtibu, na aseme ukweli kuwa ni vikombe vitano. Mwambie kwa upole pia kwamba kahawa imekolea kuliko alivyozoea. Vitatu vya sasa ni kama vitano vya zamani au zaidi. Kahawa ya kuchemsha isiyochujwa hubakiza mafuta yanayoweza kupandisha lehemu (kolesteroli) mbaya kwenye damu, na kitambaa huenda kisiyazuie sawasawa na karatasi ya kuchujia. Hilo nalo alitaje huko kliniki. Mjamzito akikaa kibandani kwako, mpe kimoja, usimwongeze bila yeye kuuliza kliniki kwanza. Mteja yeyote akikwambia moyo unamwenda mbio, kifua kinabana au anaona kizunguzungu, huyo asisubiri kikombe wala ushauri wako, aende hospitali hapo hapo. Na mzee akienda kupima presha, aende kabla hajanywa. Akipita kwako kwanza, kahawa itaipandisha kwa muda, na daktari ataandika namba isiyo yake.